Tanki lililooza chini ya zulia: kisa cha boti moja ya Lamu

Tundu lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama. Dizeli ilipita hapo tone kwa tone, ikashuka kwenye ngama, yaani tumbo la chini la boti maji yanapokusanyika, ikachanganyika na maji ya chumvi, kisha pampu ikaitema baharini. Mwenye boti hakuliona tundu. Alichoona ni utandu wa rangirangi nyuma ya tezi kila pampu inapowaka, na hesabu ya mafuta isiyokaa. Safari ya Lamu hadi Kizingitini, aliyokuwa akiijua kwa lita, ilianza kula zaidi, ilhali mashini ni ileile na mzigo ni uleule. Wa kwanza kushukiwa alikuwa baharia. Nalitaja hilo kwa sababu kijana alikaa wiki mbili akitazamwa kwa jicho la wizi, na ni yeye hatimaye aliyepiga magoti, akapenyeza mkono chini ya sakafu na kuutoa unanuka dizeli.

Boti ni ya faiba, urefu wa mita 9, mashini ya dizeli ya ndani. Hubeba abiria na mizigo kwenda Pate, na ikirudi hubeba samaki. Wanaoijua njia hiyo wanajua ilivyo: unangoja maji yajae ndipo upite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, unafika Mtangawanda, unaendelea Faza na Kizingitini. Kusi, ule upepo wa msimu utokao kusini, ikikaza, mawimbi yanaingia juu ya ubavu na maji yanatafuta njia yake mpaka chini. Hakuna ngama kavu katika boti ya namna hiyo, na mwenye kusema ngama yake ni kavu hajaichungulia.

Tanki lilikuwa la alumini ya milimita 3, urefu sentimita 120, upana 60, kimo 30. Likijaa hadi mdomoni ni lita 216. Lilikuwa na umri wa miaka 3 na miezi kidogo. Kabla yake palikuwa na tanki la chuma cha kawaida lililomomonyoka kwa kutu, ndiyo maana mwenye boti aliingia gharama ya alumini, likatengenezwa Mombasa.

“Mwanangu,” aliniambia aliponiita nilikague, “niliambiwa alumini haifanyi kutu. Nimeliona kwa mato yangu likiwa jipya, unajitazama uso. Huyu fundi wa Mombasa kaniuzia takataka, na mimi nataka uniandikie hivyo, nimpelekee.”

Basi hilo ndilo lililokuwa swali langu, wala si namna ya kuziba tundu. Je, chuma kilikuwa kibovu, au kilifungwa vibaya? Nilimwambia, “Ami, siandiki kitu mpaka niligeuze nilione tumbo lake.”

Kulifikia tanki kulichukua siku nzima, na hiyo yenyewe ilikuwa nusu ya jibu. Sakafu juu ya tanki ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwa faiba, bila mlango wala kidirisha. Tangu siku lilipoingia, hakuna mtu aliyewahi kuliona tena. Tulinyonya dizeli kwenye madumu, tukakata sakafu kwa msumeno wa mkono. Mashine ya kukatia yenye cheche haikukaribia pale, ingawa dizeli haishiki moto kwa wepesi wa petroli. Pembeni mwa tanki tukakuta povu, lile la kumimina linaloumuka na kuganda. Lilijaa pande zote mbili. Nilikata kipande cha ukubwa wa mkate nikakiminya. Maji yakatiririka hadi kiwiko. Nikaonja. Chumvi.

Watu hupenda povu hili kwa sababu linashika tanki lisitikisike na linaonekana kama kazi safi. Likiwa jipya halinywi maji kwa urahisi. Lakini boti inajikunja na kujikunjua kila wimbi, povu linaachana na chuma kwa upenyo mwembamba kama karatasi, na humo ndimo maji yanamoingia yasitoke. Kanuni za Marekani za boti za petroli zinakataza povu kuwa tegemeo pekee la tanki la chuma. Pia zinataka tanki lifungwe hivi kwamba maji yasisimame juu yake boti inapokuwa imetulia majini. Kwetu hatulazimishwi na kanuni hizo, ila sababu zake hazina uraia.

Chini palikuwa na mbao mbili zilizopita kwa mapana, na juu ya kila ubao kipande cha zulia. Zulia la nyumbani, la kijani, lenye manyoya. Lilikuwa zito kama sponji, limelowa maji na dizeli pamoja.

Tulipolipindua tanki juani, hapakuhitaji mtaalamu. Chini yake kulikuwa na mistari miwili mipana ya utandu mweupe, kama uji wa mchele uliogandia sufuriani, na mistari hiyo ilikaa sawasawa na pale mbao zilipokuwa. Nikakwangua kwa bisbisi. Chini ya ule uji, bati lilikuwa limechimbwa mashimo. Kwenye mstari wa kushoto nilihesabu 31 ambayo ncha ya bisbisi ilisimama ndani yake. Manne yalitoboka mpaka upande wa pili, na jingine lilitoboka mkononi mwangu nilipolibonyeza.

Sasa tazama katikati ya mistari ile miwili. Hapo tanki lilikuwa limening'inia bila kuguswa na kitu. Povu halikufika, hewa ilipita. Bati lilikuwa na doa moja moja la kijivu na basi. Alama nyembamba za kiwandani, zile zinazoachwa na mashine ya kubana mabati, zilikuwa bado zinasomeka kwa kidole. Hilo ni bati lile lile, karatasi ile ile, umri ule ule, bahari ile ile. Laiti fundi wa Mombasa angekuwa amepunja kwa kutumia alumini mbovu, ubovu ungeenea kote. Lakini hapa chuma kilikuwa kizima kila palipokuwa na hewa, na kilioza kila palipokuwa na zulia.

Palikuwa na sehemu nyingine mbili. Juu ya tanki, pale mpira wa mafuta unapotokea, palifungwa vali ya shaba ya njano moja kwa moja kwenye uzi wa alumini, na kuizunguka palikuwa na pete nyeupe iliyofura. Na chini kidogo ya mdomo wa kujazia mafuta, ambao ni shaba iliyopakwa kromu, palikuwa na madoa ya mashimo madogo kwenye bonde ambapo bati limelegea na maji husimama. Hayo nitayarudia.

Nilipomwonyesha mwenye boti mistari ile miwili, alinyamaza. Akainama, akaokota kipande cha zulia, akakigeuza.

“Hili nililitia mimi,” akasema. “Fundi alitaka kuliweka juu ya mbao tupu. Nikamwambia hapana, litagongwa, litachubuka. Nikaleta zulia la sebuleni.”

Barua ya Mombasa haikuandikwa. Lakini sikutaka aondoke akidhani kosa ni zulia peke yake, kwa sababu hata zile mbao tupu zingelimaliza tanki, pengine zikichelewa mwaka mmoja.

Alumini si chuma kisicholiwa. Ni chuma kinacholiwa haraka sana kisha kinajifunika. Ukiikwangua, palepale hewa inatengeneza juu yake utando wa oksidi mwembamba kiasi kwamba jicho halioni, na utando huo ndio unaoilinda. Ukichanika, oksijeni inaushona upya. Kwa hiyo alumini inaishi kwa kupumua. Iache wazi hata kwenye upepo wa bahari, itafifia rangi, na itadumu. Ibandike kitu kilicholowa kinachozuia hewa, oksijeni iliyomo kwenye yale maji inaisha, utando ukichanika haushoneki tena, na chumvi inaanza kuchimba. Ndani ya lile shimo dogo maji yanageuka tindikali, na tindikali inazidi kuchimba. Utando huo unavumilia maji ambayo si makali sana upande wowote, kiasi cha pH 4 hadi 9. Ukitoka nje ya hapo unayeyuka. Mbao iliyolowa nayo huongeza yake, kwa maana mti wenyewe hutoa asidi ya namna ya siki. Ikiwa mbao imetibiwa kwa dawa yenye shaba dhidi ya mchwa, mambo ni mabaya zaidi.

Kuna jambo la chumvi ambalo kila mama wa Lamu analijua jikoni. Wakati wa kusi chumvi kwenye kopo hulowa yenyewe bila mtu kuimwagia maji. Unyevu wa hewa ukipita karibu asilimia 75, chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani mpaka inayeyuka. Sasa fikiria zulia ambalo limewahi kulowa maji ya bahari mara moja tu. Unaweza kuifua ngama, yaani kuyachota maji yake yote, ikabaki bila tone, ukaiacha boti juu ya mchanga wiki nzima, na zulia lile bado litakuwa limelowa, kwa sababu chumvi iliyomo inakunywa hewa ya Lamu usiku na mchana. Ndiyo maana wanaosema “mimi nafua maji kila jioni” hawajajibu swali. Chumvi haitolewi kwa upo wa kuchotea maji. Inatolewa kwa maji baridi, yale yasiyo na chumvi.

Kabla ya kufunga hukumu nilitaka kuondoa washukiwa wengine wawili. Wa kwanza ni umeme. Waya wa pampu ukichubuka ndani ya ngama unaweza kula chuma kwa siku chache kuliko bahari inavyokula kwa miaka. Nilikuwa nimepima kabla hatujalitoa: mita kati ya tanki na upande hasi wa betri, betri ikiwa imewashwa, pampu ikizunguka na ikizimwa. Sindano haikutingishika. Wa pili ni maji ndani ya mafuta. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini kabisa, na mpakani mwa maji na dizeli huota ukungu mweusi wenye utelezi ambao hutoa asidi. Matanki mengi hutobolewa kutoka ndani kwa njia hiyo. Tulilikata tanki kwa msumeno wa mkono baada ya kulisafisha na kulijaza maji likafurika. Ndani, kwenye kona ya tezi, tulikuta utelezi kiasi cha kijiko. Bati chini yake lilikuwa limefifia, halikuchimbwa. Na mashimo yenyewe yalisema yalikoanzia: kwa nje yalikuwa mapana kama bakuli, kwa ndani yalikuwa ncha ya sindano. Shimo ni pana pale lilipozaliwa.

Ile vali ya shaba ni kisa cha peke yake. Shaba na alumini zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinakuwa betri, na katika betri hiyo ni alumini inayoliwa. Hili mafundi wengi wanalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba hazihitaji hata kugusana. Maji yakipita juu ya shaba yanachukua chembe zake, na yakidondokea kwenye alumini chembe zile zinajibandika pale na kuanzisha betri ndogondogo. Ndiyo yale madoa chini ya mdomo wa kujazia. Mdomo uko sitahani, tanki liko chini yake karibu nusu mita, haviungani ila kwa mpira. Na bado shaba ya juu ililichimba bati la chini kwa matone tu.

Siku hiyohiyo alikuja kijana mmoja mwenye mashine ya kuchomelea, akasema atatia viraka, jioni tunasafiri. Nilikataa, na nilikataa kwa sauti. Tanki lililokaa na mafuta, hata ukiliona kavu, lina mvuke kwenye kona na mishono. Kulipelekea moto ni kutengeneza bomu. Lakini hata likiwa salama, kiraka kingebandikwa kwenye bati la namna gani? Mashimo 31 upande mmoja, matano yakiwa wazi. Yale 26 yaliyobaki yalikuwa yanangoja zamu.

Tulizungumza kuhusu tanki la plastiki. Kwa mtu mwenye dizeli na nafasi ya kutosha, plastiki ni jibu zuri kuliko wanavyolipa sifa. Haliliwi na chochote. Tatizo ni kwamba linafura kidogo likishajazwa, kiasi cha asilimia 2 kila upande, kwa hiyo halifungwi kwa kubanwa, na saizi zake ni za dukani. Hapa mataruma, yaani mbavu za ndani za boti, yaliacha nafasi ya sentimita 125 kwa 66, na hakuna la dukani lililokaa. Stenlesi mwenye boti aliitaka sana. Jina lake linavutia. Nilimweleza kwamba stenlesi nayo inategemea utando na hewa vilevile, na ikinyimwa hewa ndani ya maji ya chumvi hutoboka vitundu vya ncha ya sindano karibu na mishono, hasa ile ya bei nafuu. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi vizuri ni tanki halali kabisa la dizeli, mradi kisipakwe zinki, maana zinki na dizeli hazipatani. Yeye hakutaka kukisikia.

Tukarudi kwa alumini ileile, safari hii aina ya 5083, ile ya vyombo vya baharini, milimita 5. Unene huo si wa kujifariji. Wahandisi waliopima alumini ndani ya maji walikuta kwamba shimo huchimbika kwa kasi mwanzoni kisha hupunguza mwendo, kiasi kwamba unene ukiuzidisha mara mbili muda wa kutoboka huongezeka karibu mara nane. Kutoka 3 kwenda 5, kwa hesabu hiyo, ni zaidi ya mara nne. Hesabu hiyo ni ya bati lililo majini, haikupimwa chini ya zulia la sebuleni, kwa hiyo siitegemei peke yake. Lakini ni bima ya bei nafuu.

Tulipokuwa tunangoja tanki jipya, nilikwenda Matondoni kwa shughuli nyingine, nikakaa karibu na mzee mmoja anayeunda mashua. Alikuwa anapigilia misumari, na kila msumari kabla haujaingia aliuzungushia pamba iliyochovywa mafuta. Nimeona jambo hilo tangu utotoni na sikuwahi kuuliza. Nikamuuliza. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini tunafunika maji.

“Msumari na mti hawapendani,” akasema. “Mai yakiingia baina yao, kila mmoja anamuoza mwenziwe. Unamtia mtu wa katikati.”

Mtu wa katikati. Kazi yote iliyofuata ilikuwa kumtafuta huyo: kitu kitakachokaa kati ya tanki na boti, kisichonyonya maji, na kilichoshikana na chuma kiasi kwamba maji hayapati pa kupenya. Zulia lilikuwa mtu wa katikati pia, ila msaliti.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilichukua bodi nene nyeupe ya plastiki, ile ya kukatia samaki, nikaipasua vipande. Hailiwi, hailowi, ni rahisi kupatikana. Nikaibandika kwenye kipande cha bati la zamani kwa gundi ya poliyurethani, ile ya boti, nikaiacha. Siku ya pili niliibandua kwa kucha. Plastiki ya namna ile ina utelezi wa asili, gundi haiishiki. Ingekaa pale ikionekana imeshika, na nyuma yake maji yangejenga nyumba. Ningekuwa nimetengeneza zulia jipya la rangi nyeupe.

Kwa hiyo tulimimina vipande vyetu wenyewe vya faiba kwa resini ya epoksi, unene milimita 6, upana sentimita 5, urefu wa mapana ya tanki. Vinne. Tulivipiga msasa mpaka vikafifia, tukapiga msasa bati pale vitakapokaa, tukafuta kwa spiriti na kupaka gundi palepale kabla alumini haijajifunika vya kutosha. Gundi ilipakwa nyingi, ikatoka pembeni pande zote, na ile iliyotoka tukailainisha kwa kidole iwe mteremko ili maji yasikae kwenye ukingo. Hapo ndipo penye kazi nzima. Kipande kilichogandishwa hivyo kinakuwa sehemu ya tanki; maji yanapita pembeni yake, hayapiti nyuma yake. Silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki ikikauka, isikaribie. Ile harufu ni siki kweli, na inaanza kula chuma kabla bahari haijaanza.

Mtu mmoja alishauri tulipake tanki rangi iliyobaki, ile ya chini ya boti ya kuzuia chaza na mwani. Rangi nyingi za namna hiyo zina shaba ndani yake. Sikuendelea na mazungumzo. Upande wa chini tuliupaka epoksi. Juu na pembeni tukaacha alumini tupu, kwa sababu naamini bati tupu lenye hewa ni bora kuliko bati lililopakwa haraka na kuchubuliwa siku ya kulishusha. Wengine hawatakubaliana nami hapo.

Mbao hatukurudisha. Tulitengeneza mihimili ya faiba iliyoungana na mwili wa boti, yenye mapengo ya kupitisha maji, na tanki likakaa sentimita 5 juu ya sakafu ya ngama. Pembeni kuna nafasi ya kupitisha vidole kila upande. Povu halikurudi. Likijaa, tanki na mafuta yake ni zaidi ya kilo 210, na kwenye wimbi la kusi kilo hizo zinaruka, kwa hiyo lilifungwa kwa masikio manne yaliyochomelewa kule kwa fundi, bolti za stenlesi, na kila bolti imevishwa bushi na washa za plastiki isiguse alumini. Sehemu ya nyuma imeshushwa sentimita 1 ili maji ya juu yatiririke. Mafuta yanavutwa kutoka juu kwa bomba linaloshuka ndani na kuishia juu kidogo ya sakafu ya tanki. Hakuna tundu upande wa chini. Vali ya shaba ilibaki, ila kati yake na tanki kuna kipande cha stenlesi, na imehamishwa ikae kando ili ikidondosha isidondoshee bati. Mdomo wa kujazia ukabadilishwa kwa wa stenlesi wenye gaskiti mpya. Mpira wa kutolea hewa ulipandishwa juu karibu na ukingo na kukunjwa kama shingo ya bata, wimbi lisiingie.

Waya wa kuunganisha tanki na upande hasi, kwa ajili ya umeme tuli wakati wa kujaza, upo. Umefungwa juu kabisa, na kichwa chake cha shaba kimetenganishwa na alumini kwa washa ya stenlesi na kufunikwa kwa grisi.

Kabla ya kulishusha tulilijaribu kwa hewa. Shinikizo la bar 0.2, lisizidi. Kipimo chetu kilikuwa mpira mwangavu wenye maji: tofauti ya kimo cha mita 2 ni karibu bar hiyohiyo. Pampu ilikuwa ya baiskeli. Kijana wa matairi alileta mashine yake ya upepo na nilimrudisha nayo, kwa kuwa hata kwa bar 0.2 bamba la juu linasukumwa na nguvu ya karibu tani moja na nusu. Ukizidisha kidogo tu kwa mashine, tanki linafura kama andazi na mishono inapasuka. Tukapaka maji ya sabuni kwenye mishono yote. Povu dogo lilitoka kwenye uzi wa kipimo cha mafuta, tukakaza, likakoma. Maji kwenye mpira yalikaa palepale tangu adhuhuri hadi alasiri.

Sakafu sasa ina mlango. Mwenye boti hakuupenda, anasema unatia maji. Ni kweli, unatia. Lakini kila mwezi baharia anaufungua, anamimina ndoo tatu za maji ya kisima kuzunguka tanki, anafua, na anaacha wazi jua liingie.

Kusi mbili zimepita. Juzi nilipokuwa Lamu niliomba kulitazama. Vipande vinne vya faiba vilikuwa vimeshika. Nilijaribu kuingiza wembe ukingoni haukuingia. Epoksi ya chini ilikuwa nzima. Lakini upande wa kulia, kati ya tanki na ubavu wa boti, ndani ya ile nafasi ya vidole niliyoipigania, palikuwa na gunia. Limekunjwa vizuri, limesukumizwa mpaka chini, limelowa. Ndani yake kulikuwa na nyuzi za kuvulia na nguo ya mvua.

“Palikuwa pana nafasi,” baharia akasema.

Nililivuta gunia. Kwenye bati, pale lilipogusa, kulikuwa na duara jeupe la ukubwa wa sahani. Nikalikwangua kwa ukucha likatoka, na chini yake kidole hakikuhisi shimo, bado. Mwenye boti alikuwa amesimama juu yetu. Hakusema neno kwa kijana. Alilichukua gunia, akashuka nalo gatini, na nilipotoka nilimkuta amelitandaza juani juu ya ukuta, analipanga kona kwa kona kama zulia.